Sheria za Elimu na Nguvu za Wananchi katika Milima ya Usambara

Elimu ya darasani ilipanda milima ya Usambara kabla ya kuwapo sheria ya kuisimamia. Wamisionari wa Kiprotestanti wa Bethel, kutoka Ujerumani, walifika Mlalo mwaka 1891, kisha wakafungua kituo Vuga, kwenye makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi, na huko watoto wa Kisambaa wakafundishwa kusoma kwa lugha yao, ilhali serikali ya Kijerumani, iliyouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, ilitafuta zaidi makarani na maakida wajuao Kiswahili. Wazazi wengi wa Kiislamu, ambao watoto wao walikwisha kuzoea chuo cha Kurani, waliziona shule za misheni kuwa njia ya kuwabadilisha dini, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja.

Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, walileta Sheria ya Elimu ya Waafrika ya mwaka 1927, iliyotaka shule zisajiliwe na kuweka utaratibu wa ruzuku, yaani fedha za serikali zilizotolewa kwa shule za misheni zilizofikia viwango. Mwaka mmoja kabla yake, sheria ya mamlaka za wenyeji ilikuwa imewarudishia Wakilindi madaraka chini ya uangalizi wa mkoloni, pamoja na hazina iliyopata sehemu ya kodi, na kwa fedha hizo mamlaka za wenyeji ziliweza kuendesha shule zao. Hata hivyo elimu iligawanywa kwa rangi: Lushoto penyewe palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, wakati mtoto wa Kisambaa wa bonde la jirani, kama alipata shule, aghalabu aliishia darasa la nne. Sheria ya Elimu Na. 37 ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika mwaka 1962, ndiyo iliyofuta ubaguzi huo na kuzikabidhi halmashauri za wilaya jukumu la shule za msingi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo 1977, lilitegemea mabega ya wananchi. Katika milima hii, ambako ardhi tambarare ni haba na ndiyo inayolimwa, kupata kiwanja cha shule kulimaanisha kuchimba mteremko kwa majembe, kusomba mawe na maji kutoka bondeni, kufyatua matofali na kuyachoma, kazi zilizofanywa kwa msaragambo, yaani nguvu za pamoja za kijiji. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikafuata, ikimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba na kuhakikisha anahudhuria. Jambo la kusikitisha ni kwamba wanakijiji walioitwa kubeba mawe hawakuitwa mara nyingi kusema shule ifundishe nini, au muhula upangwe vipi kulingana na mvua za vuli na masika.

Mabadiliko ya maana zaidi yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa mwaka 2002, uliofuatia kufutwa kwa ada, kwa sababu safari hii kamati ya shule ilifunguliwa akaunti ya benki, ikapokea fedha za ujenzi na vitabu, na wazazi wakapata haki ya kuuliza zilivyotumika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne pamoja na michango ya lazima.

Hata hivyo, wapo wasichana wa milima hii wanaotolewa nyumbani mapema kwenda kufanya kazi za ndani Tanga na Dar es Salaam. Marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu yaliweka kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi, na Novemba 2021 serikali ikaruhusu walioacha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi shuleni. Adhabu hutolewa mahakamani, lakini anayejua kwamba kiti cha darasani kimebaki kitupu wiki nzima ni mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji na mjumbe wa kamati, na hao ndio wanaostahili kupewa mamlaka ya kugonga mlango wa nyumba husika kabla basi la kuteremka Mombo, chini ya milima, halijaondoka.