Chimbuko la Taifa la Algeria

Mara nyingi huulizwa: Je, taifa la Algeria lilizaliwa na dini? Wapo wanaojibu ndiyo, kwa kuwa karibu wananchi wake wote ni Waislamu. Jibu hilo halitoshi. Yatupasa tutazame kwanza nani alimiliki ardhi, nani alitunga sheria, na nani aliwaunganisha wanyonge.

Ardhi na Sheria

Wafaransa waliuteka mji wa Algiers tarehe 5 Julai, 1830. Amiri Abdelkader aliwapinga kwa silaha tangu 1832 hadi 1847. Baada ya uasi mkubwa wa 1871 kuzimwa, makabila yaliyoinuka yalinyang'anywa ardhi, wakapewa walowezi. Sheria ya 1873 ikavunja umilikaji wa pamoja ili ardhi ya ukoo iuzwe kipande kipande. Mkulima akawa kibarua katika shamba la babu zake, akichuma zabibu za mvinyo ambao dini yake inamkataza kunywa.

Sheria ya 1865 nayo ilimhesabu Mwislamu kuwa mtawaliwa wa Ufaransa asiye na haki za raia. Akizitaka haki hizo, sharti aache sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi. Kwa hiyo mkoloni mwenyewe ndiye aliyeifanya dini kuwa mpaka wa siasa. Wananchi wakaugeuza mpaka huo kuwa ngome yao.

Kuzaliwa kwa Chama

Lakini ngome si jeshi. Mwaka 1926, mjini Paris, vibarua wahamiaji waliunda Nyota ya Afrika ya Kaskazini. Mwaka uliofuata, Messali Hadj alidai uhuru kamili katika mkutano wa Brussels wa kupinga ubeberu. Kuanzia 1931 Jumuiya ya Maulamaa, chini ya Sheikh Abdelhamid Ben Badis, ilifundisha Kiarabu na historia ya nchi. Wasomi kama Ferhat Abbas walikuwa bado wanaomba usawa ndani ya Ufaransa. Mwaka 1936 Abbas aliandika kwamba hakuliona taifa la Algeria. Mwaka huo huo ulitolewa mswada wa kuwapa uraia Waislamu wachache tu. Walowezi waliukataa hata huo.

Tarehe 8 Mei, 1945, wananchi wa Sétif waliandamana na bendera yao. Katika ukandamizaji uliofuata, maelfu waliuawa na askari na walowezi. Njia ya kuomba ikafungwa. Abbas mwenyewe alijiunga na mapambano baadaye, na mwaka 1958 akaongoza Serikali ya Muda.

Chama, Mtu na Bunduki

Mwaka 1954 chama cha Messali kilipasuka, kwa sababu yeye alidai madaraka yote na Kamati Kuu ikakataa. Vijana waliochoshwa na ugomvi huo waliunda Chama cha Ukombozi wa Taifa, FLN, chenye uongozi wa pamoja, wakaanza vita tarehe 1 Novemba. Tangazo lao lilidai dola huru yenye misingi ya Kiislamu, lakini pia uhuru wa watu wote bila kubagua rangi wala dini.

Agosti 1956, katika bonde la Soummam, FLN iliamua kwamba siasa itangulie bunduki. Mwaka mmoja tu baadaye, mjini Cairo, uamuzi huo ulitenguliwa. Abane Ramdane, aliyeupigania zaidi, aliuawa na wenzake huko Morocco Desemba 1957. Uhuru ulipopatikana Julai 1962, jeshi lililokuwa mipakani ndilo lililoamua nani atawale. Na mwaka 1965 likamwondoa Ben Bella, yule yule lililomweka.

Mafunzo

Kwanza, dini iliwahifadhi wananchi, dhuluma ya ardhi iliwasukuma, lakini chama ndicho kilichowafanya kuwa taifa.

Pili, chama kinachokataa kuwa mali ya mtu mmoja hakijamaliza kazi. Kisipoiongoza bunduki, bunduki itakiongoza. Wananchi wa Algeria waliulipa uhuru wao kwa damu nyingi. Haki ya kuamua nani awaongoze ilichukuliwa mlangoni.