Chanjo "iliyoidhinishwa": na nani, kwa nani?

Msomaji wa habari za Kiswahili aliyefuatilia chanjo ya Pfizer alisoma Desemba 2020 kwamba Marekani imeiidhinisha, kisha Agosti 2021 akasoma tena kwamba Marekani imeiidhinisha. Habari zote mbili zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni neno la kumwonyesha kwamba lililotokea mara ya kwanza silo lililotokea mara ya pili. Kwa mtu mzima aliyekuwa akisubiri zamu yake kituoni, huenda tofauti hiyo haikuwa na uzito. Kwa wazazi waliokuwa wamelipia meli ya kitalii kutoka Florida wakiwa na watoto watatu, mmoja wa miaka 9, mwingine wa miaka 13 na mkubwa wa miaka 17, ilikuwa na uzito sana, kwa sababu kila mtoto alikuwa na hadhi yake mbele ya chanjo ileile.

Tuanze na Desemba. Tarehe 11 Desemba 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu chanjo hiyo itumike wakati wa dharura kwa watu wa miaka 16 na zaidi. Ruhusa ya aina hii ina sheria yake. Kwanza serikali hutangaza kwamba kuna hali ya dharura. Kisha FDA hujiuliza kama kuna ushahidi wa kutosha kuamini kwamba bidhaa inaweza kufaa, kama faida zinazojulikana zinazidi madhara yanayojulikana, na kama hakuna dawa nyingine kamili inayotosheleza haja hiyo. Kwa chanjo za UVIKO-19, mamlaka ilitaka angalau nusu ya washiriki wa majaribio wawe wamefuatiliwa kwa miezi miwili baada ya dozi ya mwisho. Mtu anayechanjwa chini ya ruhusa hii lazima aelezwe kwamba ana haki ya kukubali au kukataa. Na ruhusa yenyewe hudumu kwa masharti. Machi 2020 FDA iliruhusu hydroxychloroquine itumike kwa dharura kwa wagonjwa wa korona waliolazwa. Juni mwaka huohuo ikaifuta ruhusa hiyo, maana ushahidi ulikuwa umegeuka.

Tarehe 23 Agosti 2021 ni jambo jingine. Safari hii kampuni ilikuwa imepeleka maombi kamili, viwanda vimekaguliwa, na data imechambuliwa kwa kina zaidi: zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa wamefuatiliwa kwa angalau miezi minne baada ya dozi ya pili, na watu wapatao 12,000 waliochanjwa kwa angalau miezi sita. Chanjo ikapewa jina la biashara, Comirnaty, ikawa bidhaa ya kudumu sokoni kama chanjo ya surua au ya pepopunda. Umri wake ulibaki miaka 16 na kwenda juu.

Kwa hilo la pili Kiswahili kina neno ambalo wanaofanya kazi ya dawa wanalitumia kila siku. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, TMDA, husajili dawa. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya nayo husajili. Mfamasia wa Kariakoo au wa River Road akiulizwa kuhusu dawa asiyoijua, swali lake la kwanza ni kama imesajiliwa. Na dawa isiyo kwenye daftari ikihitajika kwa haraka, huingizwa kwa kibali maalumu. Maneno mawili yapo, yamekaa vizuri katika vinywa vya watu, na yanatenganisha sawasawa kile ambacho "kuidhinisha" kumekichanganya. Ruhusa ya Desemba ni kibali cha dharura. Uamuzi wa Agosti ni usajili.

Najua pingamizi moja, na lina haki ya kujibiwa. Usajili kwa wengi ni kuandikisha tu: laini ya simu husajiliwa, kikundi cha kuweka na kukopa husajiliwa, na hakuna anayefikiri kwamba msajili amepima ubora wa kitu. Ndiyo maana katika habari za chanjo ningeandika "usajili kamili", na mara ya kwanza katika makala nieleze kwamba ni baada ya uchunguzi wa usalama, ufanisi na utengenezaji. Neno "kibali" halihitaji msaada huo. Kila aliyewahi kufuatilia kibali cha ujenzi anajua kwamba kibali hutolewa kwa jambo maalumu, kwa mtu maalumu, na kinaweza kufutwa. Chanjo ya Janssen, iliyokuwa ya kwanza kuingia Tanzania Julai 2021 na ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 mwezi huo, iliishi Marekani kwa kibali cha dharura tangu Februari 2021 hadi kilipofutwa mwaka 2023 kwa ombi la kampuni yenyewe. Haikuwahi kusajiliwa huko. Anayeandika kwamba "Marekani iliidhinisha chanjo ya Janssen kisha ikaikataa" anamjengea msomaji hofu isiyo na msingi.

Sasa turudi kwa wale watoto watatu, mwishoni mwa Agosti 2021. Wa miaka 17 anachomwa sindano, na kwake chanjo hiyo imesajiliwa. Mdogo wake wa miaka 13 anakaa kwenye kiti kilekile, muuguzi ni yuleyule, dawa inavutwa kutoka kwenye kichupa chenye kifuniko kilekile cha zambarau, dozi ni mikrogramu 30 kama ya kaka yake. Lakini yeye anachanjwa kwa kibali cha dharura kilichotolewa tarehe 10 Mei 2021 kwa watoto wa miaka 12 hadi 15; usajili wa umri wake ulikuja Julai 2022. Wa miaka 9 hapati kitu. Wapo wazazi waliouliza kama daktari hawezi kumpa kidogo tu, maadamu dawa imeshasajiliwa. FDA ilionya wasifanye hivyo, na sababu ilionekana wazi baadaye: kibali cha miaka 5 hadi 11 kilipotoka tarehe 29 Oktoba 2021, dozi ilikuwa mikrogramu 10, theluthi moja ya ile ya wakubwa, katika vichupa vyenye vifuniko vya rangi ya machungwa ili wauguzi wasichanganye.

Meli zilikuwa zikisubiri umri huo kwa hamu na kwa hofu. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa. Machi mwaka huo Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani, CDC, vikasimamisha safari za meli za kitalii. Ziliporudi katika bandari za Marekani kwa mara ya kwanza na abiria wa kulipa, tarehe 26 Juni 2021 kwa Celebrity Edge kutoka Fort Lauderdale, CDC ilikuwa imeweka njia ya mkato: meli yenye asilimia 98 ya mabaharia waliochanjwa na asilimia 95 ya abiria waliochanjwa haikulazimika kwanza kufanya safari ya majaribio.

Asilimia 95 ilihesabu kila abiria, hata mtoto ambaye hakuna chanjo iliyoruhusiwa kwa umri wake. Meli yenye abiria 2,000 ilibakiwa na nafasi 100 za wasiochanjwa, na likizo za Julai na Agosti ndizo za watoto. Kila kampuni ikatafuta njia yake. Norwegian Cruise Line ilitaka kila anayepanda awe amechanjwa, maana yake mtoto chini ya miaka 12 hakuwa na nafasi kabisa. Nyingine ziliwapokea watoto kwa vipimo na kwa kuwazuia baadhi ya sehemu za meli. Visiwa vya Bahama vikaamua kwamba kuanzia tarehe 3 Septemba 2021 abiria wa meli wa miaka 12 na zaidi wawe wamekamilisha chanjo. Disney ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 13 Januari 2022 sharti lake lingeanzia miaka 5. Huko Florida penyewe sheria ya jimbo ilikataza biashara kudai cheti cha chanjo, na kesi zikafika mahakamani.

Umri wa miaka 12 na wa miaka 5 katika masharti hayo haukutokana na jambo lolote la baharini. Ulifuata vibali. Hapo ndipo mtafsiri anapopaswa kuwa makini, kwa sababu hakuna meli hata moja kati ya hizo iliyongoja usajili. Ukitafsiri sharti la meli kuwa "abiria awe amepata chanjo iliyosajiliwa", umemshusha melini yule wa miaka 13, ilhali kampuni ilikuwa tayari kumpokea. Ukiandika "iliyoidhinishwa", umemwacha mzazi akijiuliza imeidhinishwa na nani. Linalotakiwa hapa ni neno la tatu: chanjo inayotambuliwa. Kutambua ni kazi ya mwenye mlango, awe kampuni ya meli, bandari au nchi. Kutoa kibali na kusajili ni kazi ya mamlaka ya dawa. Mwenye mlango anaweza kutambua kisichosajiliwa kwake, na anaweza kukataa kilichosajiliwa kwingine.

Wakenya walilijua hilo kwa uchungu. Chanjo yao ya kwanza, Machi 2021, ilikuwa Covishield, ya AstraZeneca iliyotengenezwa India. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limeiweka katika orodha yake ya matumizi ya dharura tangu tarehe 15 Februari. Lakini cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, kilijengwa juu ya chanjo zilizoruhusiwa na Wakala wa Dawa wa Ulaya, na iliyokuwamo ni Vaxzevria: AstraZeneca ileile, iliyotoka viwanda vingine. Mwenye Covishield aliachiwa hiari ya kila nchi. Umoja wa Afrika ulilalamika, na ulikuwa na haki; chanjo iliyoletwa Afrika kwa mpango wa kimataifa haikupaswa kuwa ya daraja la pili mpakani. Marekani ilipofungua milango kwa wageni waliochanjwa tarehe 8 Novemba 2021, ilitambua za FDA na za orodha ya WHO pia, kwa hiyo Covishield ikapita, ingawa AstraZeneca haikuwahi kupewa hata kibali cha dharura na FDA. Sputnik V, isiyokuwa katika orodha yoyote kati ya hizo mbili, haikupita. Wakanada waliochanjwa dozi moja ya AstraZeneca na moja ya Pfizer walikuwa wamekataliwa na baadhi ya meli majira yote ya joto, kwa sababu hadi Oktoba CDC haikutambua mchanganyiko. Kila dozi ilikuwa na kibali chake nchini mwao. Jozi ndiyo haikutambuliwa.

Kuna neno jingine dogo lililowagharimu watu: "kukamilisha". Mtoto wa miaka 9 aliyechomwa sindano ya kwanza tarehe 3 Novemba 2021 alirudi kwa ya pili baada ya wiki tatu, tarehe 24, kisha akahesabiwa wiki mbili. Alikamilisha tarehe 8 Desemba. Kibali kilipotangazwa mwishoni mwa Oktoba, mzazi aliyedhani mtoto ameshafunguliwa njia alikuwa bado na wiki tano na zaidi mbele yake.

Mpango wa CDC kwa meli ulifungwa Julai 2022, na masharti mengi ya korona yameondoka. Homa ya manjano imebaki, na kwa familia inayopanda meli Mombasa kwenda Zanzibar ndiyo inayohusika. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania hudai cheti kwa wasafiri wa mwaka mmoja na zaidi wanaotoka nchi hizo. Kanuni za Afya za Kimataifa zinasema chanjo yenyewe iwe iliyokubaliwa na WHO, kwa hiyo kusajiliwa katika nchi ya msafiri peke yake hakutoshi. Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kiwe na saini ya mhudumu wa afya na muhuri wa kituo. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, na mtu ambaye mwili wake hauruhusu sindano hiyo huandikiwa na daktari barua ya msamaha. Barua hiyo si cheti. Ofisa afya wa bandari ataisoma na kuamua, na wakati mwingine atataka msafiri aripoti akipata homa.