Msimu, Makato na Majaliwa

Ukiwa Mtwara, mtu akikwambia "msimu ukifika tutaongea", usimuulize msimu gani. Si wa maembe, si wa ufuta wala mbaazi, ingawa vyote hivyo huko vinalimwa. Ni wa korosho. Deni la dukani hulipwa msimu, bati hununuliwa msimu, mahari huahidiwa kwa msimu, na mtoto anayedai viatu vya shule mwezi Machi huambiwa avute subira mpaka msimu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, nasi tulilipata kwa mabaharia waliohesabu kwalo majira ya pepo za kusafiria. Kusini likahama kutoka kwenye tanga likaenda kukaa juu ya mti.

Na huo msimu ni wa kiangazi. Hapa mpenda maneno atajikwaa mara moja, kwa sababu kiangazi cha Mtwara sicho kile cha Unguja au Mombasa. Kule ni joto la Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma. Mtwara miezi hiyo ndiyo ya mvua, tena mvua yenyewe ni moja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mtoto wa Nanyamba au Tandahimba anafundishwa darasani kwamba kuna masika na kuna vuli, anaandika, anapata vema, kisha anatoka nje kwenye nchi isiyo na vuli. Kwao kiangazi ni mbingu kavu inayoanza na baridi ya kipupwe mwezi Juni na kuishia kwenye jua kali la Oktoba. Katika miezi hiyo mkorosho huchanua, huzaa na huanza kuangusha, nayo hekaheka kubwa ya mkulima hubanwa humo.

Maneno ya kazi yenyewe yamenyooka, wala hayamfichi mtu kitu. Ugonjwa unaounguza maua unaitwa ubwiriunga, na aliyeuona hahitaji kufafanuliwa: ni ukungu mweupe unaolala juu ya machipukizi kana kwamba mtu amepita na chekeche. Dawa yake ya zamani ni unga wa salfa, unaorushwa kwa mashine alfajiri, umande ungali kwenye majani na kusi haijaamka, kwa maana upepo ukishaanza unga huishia kwa jirani. Yupo pia mbu wa mikorosho, asiyeuma watu bali hufyonza vichipukizi. Mti mzee uliochoka hukatwa, kisha huungwa kikonyo cha mti bora, na kazi hiyo huitwa kubebesha. Nalipenda sana neno hili. Shina la babu linabebeshwa tawi la mjukuu, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanalitamka sawasawa na mwanakijiji, jambo ambalo ni nadra katika istilahi zetu za kilimo.

Tena korosho haivunwi, huokotwa. Tofauti hii ina uzito wake. Mkulima mzuri hakwei kuchuma. Anasubiri bibo liive, lianguke lenyewe, kisha anapita chini ya mti uliofagiliwa, anainama, anaokota, ananyofoa korosho kutoka kwenye bibo, anaanika. Migongo ya wanawake wa kusini inalijua hili kuliko kamusi yoyote. Bibo lenyewe, ambalo Unguja huitwa kanju kwa urithi wa Wareno walioleta mti huu kutoka Brazili, haliendi ghalani wala mnadani. Hukamuliwa likawa uraka, na uraka ukipikwa na kukingwa mvuke wake huwa nipa, ambayo sheria haiitaki. Mabibo mengine hukaushwa yakawa makochoko, akiba ya miezi isiyo na tunda. Bei ya korosho ikianguka, makochoko hayasikii habari hiyo.

Bondeni mwa Ruvuma, pande za Kitaya na Mahurunga, msamiati hubadilika kidogo kwa sababu kuna mpunga. Mpunga unapokomaa huja siku za kuamia, yaani kushinda shambani kufukuza ndege, kazi inayowaangukia watoto na wazee. Kiboko naye haamiwi. Huombewa apite mbali. Ukiteremka zaidi, mto unakutana na bahari mahali ambapo hifadhi iliyotangazwa mwaka 2000 hupaita, kwa jina lake rasmi, Maingilio ya Mto Ruvuma. Jina zuri, ila limechagua upande. Kwa mwenye ngalawa wa Msimbati mto ndio unaoingia baharini. Kwa mwenye jaruba, siku za bamvua katikati ya kiangazi, mto ukiwa umepungua nguvu, anayeingia ni bahari na chumvi yake.

Turudi kwenye korosho, maana sasa imekauka na iko kwenye magunia, na hapo ndipo Kiswahili kinapobadilika sauti. Mpaka mlangoni mwa ghala maneno yalikuwa ya mkulima. Kuanzia mlangoni ni ya ofisi.

La kwanza ni jina lake yeye mwenyewe: mkulima mdogo. Sijawahi kumsikia mtu akijitambulisha hivyo. Huko mtu husema ana mikorosho, na hutaja idadi ya miti kabla ya ekari. Salfa nayo hupigiwa hesabu kwa mti. Mzee mwenye wajukuu na mikorosho mia mbili, anayeamkiwa shikamoo na kijiji kizima, akiandikwa kwenye taarifa anakuwa mdogo. Angeitwa mkulima, basi, na huyo mwenye trekta saba ndiye atafutiwe kivumishi.

La pili ni stakabadhi ghalani. Mfumo huu uliingia kwenye korosho mwaka 2007, ukitegemea sheria ya mwaka 2005 ambayo yenyewe inazungumzia stakabadhi za ghala. Lengo lake ni la maana: mkulima apeleke mzigo chama cha msingi cha ushirika, upimwe kwa mizani, upewe daraja, yeye ashike karatasi, na wanunuzi washindane mnadani. Lakini tazama kiambishi kilivyojipenyeza. Stakabadhi ni ndugu wa kukabidhi. Ni karatasi ya kumkabidhi mtu haki yake mkononi. Wananchi, au pengine makarani, wakaiita stakabadhi ghalani, kama kwamba karatasi nayo ingefungiwa humo pamoja na magunia. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo hisia hiyo haikuwa mbali na ukweli, kwani fedha zilikuja kwa vipande: malipo ya kwanza, kisha malipo ya pili, kisha, kikibaki chochote baada ya hesabu kufungwa, majaliwa.

Majaliwa! Hapa simzungumzii Kassim Majaliwa wa Ruangwa, ingawa ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa sokomoko la korosho mwaka 2018, ambalo tutalifikia. Nazungumzia neno tunalolitumia tunapoagana: tukijaliwa tutaonana. Aliyelibandika juu ya malipo ya mwisho alikuwa ama mcha Mungu ama mcheshi. Faida ya jasho la mtu, inayoweza kuhesabiwa kwa kikokotoo mpaka senti, ilipewa jina la kitu anachokijua Mwenyezi Mungu peke yake. Na yasiyohesabiwa hadharani huzua balaa. Aprili 2013, Liwale mkoani Lindi, mzozo wa malipo ya pili ulifikia hatua ya watu kuchomeana nyumba.

Katikati ya malipo na majaliwa huishi makato. Hili ni neno la wingi tu. Hakuna anayesema kato. Ushuru wa halmashauri, gharama za chama, usafirishaji, magunia, vyote vimekumbatiana humo ndani, na mkulima akiuliza anajibiwa kwa neno lilelile moja. Ukilinganisha na ubwiriunga, jina linalokuonyesha adui wako kwa rangi yake, makato hayaonyeshi kitu.

Ndipo linapokuja kangomba. Ni kipimo cha bakuli au kopo, hujazwa hadi kichuguu, huhesabiwa kilo moja huku kikibeba zaidi ya kilo, na fedha hutoka hapohapo. Baadaye jina la chombo likawa jina la biashara, kisha jina la kosa. Mnunuzi wa kangomba huja miezi ya shida, Februari au Machi, chakula cha ndani kinapokwisha na mvua haijaruhusu kipya. Wakati mwingine hununua korosho ambazo hata maua bado. Novemba 2018, wanunuzi walipogoma kupandisha bei, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakafika maghalani. Kabla ya kulipwa ukaja uhakiki, yaani kukagua kama mwenye magunia ana mikorosho kweli au ni mtu wa kangomba. Ulikuwa na sababu yake. Ila ulimngojesha pia yule aliyeokota mwenyewe, na katika kungoja huko madeni yalizaa kangomba ya mwaka uliofuata.

Kangomba ni wizi, sina haja ya kuutetea. Ila ni wizi ulio wazi: bakuli liko mbele ya macho, mkulima anaona anavyopunjwa, na anajua ni kwa nini amekubali, kwani mtoto anaumwa leo na mnada ni Oktoba. Wanaokemea kangomba majukwaani husahau kwamba mshindani wake halisi ni fedha ya Machi, na mizani pekee haitaishinda kangomba.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawahusu wanaochapisha karatasi za wakulima, kuanzia vyama vya msingi hadi Bodi ya Korosho pale Mtwara mjini. Lifuteni neno makato. Andikeni kila shilingi kwa jina lake, imekwenda kwa nani na kwa kazi gani, kwa Kiswahili kinachoeleweka kama kubebesha na kuokota, na andikeni tarehe ya malipo hapohapo chini ya uzito.