Dhahabu, Mwanga na Uigaji wa Migongano ya Fotoni

Fotoni mbili zikigongana huweza kutoweka zote mbili, na mahali pake zikazaliwa elektroni na positroni. Gregory Breit na John Wheeler walikokotoa jambo hilo mwaka 1934. Sharti lake ni kwamba, zikikutana uso kwa uso, nishati ya moja ikizidishwa kwa ya nyingine isipungue mraba wa megaelektronivolti 0.511, nishati iliyomo katika tungamo la elektroni moja.

Kugonganisha miale ya fotoni kali namna hiyo ni kazi ngumu, hivyo wanafizikia wakaigeukia dhahabu. Kiini cha dhahabu kina protoni 79. Kikikimbizwa karibu na kasi ya mwanga, uga wake wa umeme hubanwa ukawa bapa, na kwa hesabu ya Weizsäcker na Williams uga huo huhesabiwa kama kundi la fotoni. Viini viwili vikipishana bila kugusana, ni fotoni hizo zinazogongana. Kwa makadirio ya kwanza, jozi zinazozaliwa huongezeka kwa kipeo cha nne cha 79, yaani mara milioni 39 hivi kuliko protoni zikipishana kwa kasi ileile. Dhahabu asilia yote, nayo, ni isotopu moja, ya 197. Punje iliyotoka katika miamba ya Geita, Tanzania, kwa kiini chake haina tofauti na dhahabu iliyorushwa katika maabara ya Brookhaven, Marekani.

Programu ya STARlight huiga mapishano hayo kwa mbinu ya Monte Carlo. Hukadiria fotoni za kila kiini, huondoa mapishano ambamo viini vingegusana, kisha huteua nishati kwa bahati nasibu na kuzigawia chembe pande za kuelekea. Chembe hizo hupitishwa katika kigunduzi cha kuigwa ili ijulikane ni ngapi ambazo kigunduzi halisi kingezikosa.

Mwaka 2021 kundi la watafiti wa kigunduzi cha STAR, huko Brookhaven, lilichapisha vipimo vya jozi zaidi ya 6,000. Kwa jumla ya jozi, STARlight haikuwa mbali na vipimo. Lakini pembe za jozi zilionyesha mawimbi manne katika mzunguko mmoja, alama ya fotoni zilizolala upande mmoja, na programu haikuwa na hesabu ya ulalo huo. Mwendo wa kukingama nao ulitegemea umbali wa viini vinavyopishana, jambo ambalo programu ililirahisisha. Nadharia kamili ya kwanta ya umeme na sumaku ililingana na vyote viwili. Kwa hiyo jumla kulingana ni ushahidi dhaifu wa ubora wa uigaji. Umbo la mtawanyiko ndilo linalofichua kilichoachwa.

STARlight hutolewa bure na huendeshwa kwa kompyuta ya kawaida. Kwa dhahabu, namba za kujaza kuhusu kila kiini ni mbili: 79 na 197.