Cazorla, winga aliyerejea daraja la pili kuikomboa klabu ya utotoni

WAPENZI wa soka wa Dar es Salaam na Nairobi wanamkumbuka Santi Cazorla akiwa na jezi nyekundu ya Arsenal: mfupi wa kimo, mwenye tabasamu, akipiga kona kwa mguu wa kulia na muda mfupi baadaye kwa mguu wa kushoto, kana kwamba hakuna tofauti. Pengine ni wachache waliomfuatilia alipokwenda kucheza daraja la pili la Hispania, akiwa na miaka 38, kwa mshahara wa kima cha chini.

Santiago Cazorla González alizaliwa Desemba 13, 1984 huko Llanera, jirani na jiji la Oviedo, katika jimbo la Asturias, kaskazini mwa Hispania. Akiwa bado mtoto alijiunga na timu za vijana za Real Oviedo, klabu ambayo wakati huo ilikuwa ikicheza Ligi Kuu ya nchi hiyo.

Hata hivyo, mwaka 2001 Oviedo iliteremka daraja, na miaka miwili baadaye ikaporomoka kabisa. Mwaka 2003 ilishuka uwanjani hadi daraja la tatu, kisha ikasukumwa hadi la nne kwa kushindwa kuwalipa wachezaji wake. Kijana Cazorla, wakati huo akiwa na miaka 18, akaondoka kwenda Villarreal bila kuichezea timu ya wakubwa ya Oviedo hata mchezo mmoja.

Huko Villarreal alitumika zaidi kama winga, mara kulia, mara kushoto. Mwaka 2006 alikwenda Recreativo de Huelva, timu ndogo iliyokuwa imepanda daraja, na msimu huo ikawashangaza wengi kwa kuifunga Real Madrid mabao 3-0 katika uwanja wa Santiago Bernabéu. Villarreal ilimrudisha mwaka 2007 na kumaliza msimu wa 2007/08 katika nafasi ya pili.

Kiangazi cha mwaka 2008 alitwaa Kombe la Mataifa ya Ulaya akiwa na Hispania, akifunga moja ya penalti zilizoing'oa Italia katika robo fainali. Majeraha yalimnyima Kombe la Dunia la mwaka 2010, lakini alikuwamo kikosini Hispania ilipotetea ubingwa wa Ulaya mwaka 2012. Kati ya hapo aliisaidia Malaga kufuzu Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza, kabla ya kuhamia Arsenal mwezi Agosti 2012.

Miezi michache baadaye zikaja habari kutoka nyumbani. Oviedo, iliyokuwa ikicheza daraja la tatu, ilihitaji karibu euro milioni 2 ifikapo katikati ya Novemba 2012, la sivyo ingefutwa. Klabu iliuza hisa, kila moja kwa euro 10.75, na mashabiki wa nchi mbalimbali, wengi wao wasiowahi kufika Asturias, wakajitokeza kununua. Miongoni mwa wanunuzi walikuwamo wachezaji waliolelewa hapo, Cazorla, Juan Mata na Michu. Baadaye kampuni ya tajiri wa Mexico, Carlos Slim, iliongeza fedha na klabu ikanusurika.

Katika Arsenal alicheza michezo 180 na kufunga mabao 29. Mashabiki hawajasahau mpira wa adhabu alioupiga katika fainali ya Kombe la FA mwaka 2014, timu yake ikiwa nyuma kwa mabao 2-0 dhidi ya Hull City. Arsenal ilishinda 3-2 katika muda wa nyongeza.

Oktoba 19, 2016, katika mchezo dhidi ya Ludogorets ya Bulgaria, alitoka akichechemea. Kilichofuata ni mkasa ambao si rahisi kuusimulia. Jeraha la kifundo cha mguu lilikataa kufunga, bakteria wakaingia, donda ndugu likaanza, na takriban sentimita nane za kano ya kisigino zikaliwa. Kufikia Novemba 2017 alikuwa amekwishafanyiwa upasuaji mara nane. Ngozi ya mkono wake, yenye mchoro wa jina la binti yake, ilikatwa na kupandikizwa mguuni. Cazorla mwenyewe alieleza kuwa daktari mmoja alimwambia aridhike ikiwa ataweza tena kutembea bustanini na mwanawe.

Alirejea uwanjani Julai 2018 akiwa na Villarreal, baada ya siku 636. Januari 2019 aliifunga Real Madrid mabao mawili katika sare ya 2-2. Mwaka 2020 alielekea Al Sadd ya Qatar, iliyokuwa chini ya Xavi, na wengi tuliamini kuwa huko ndiko angestaafu.

Agosti 2023 akasaini Oviedo. Alikuwa tayari kucheza bure, lakini kanuni haziruhusu, hivyo akapokea kima cha chini na kutaka asilimia 10 ya mauzo ya jezi zake ipelekwe katika timu za vijana. Tunaishi katika zama ambazo mchezaji wa umri wake hutafuta mkataba mnono wa mwisho. Huyu alitafuta jezi aliyoikosa akiwa na miaka 18.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Juni 2024 Oviedo ilifika fainali ya mchujo, ikashinda 1-0 nyumbani, kisha ikafungwa 2-0 na Espanyol katika marudiano.

Msimu uliofuata walimaliza nafasi ya tatu na kurudi tena katika mchujo. Mchezo wa kwanza wa fainali walifungwa 1-0 na Mirandés. Juni 21, 2025, katika uwanja wa Carlos Tartiere, wageni walitangulia tena kufunga. Kabla ya mapumziko Oviedo ikapata penalti. Mpira akauchukua mzee wa miaka 40, akafunga. Ilyas Chaira aliongeza la pili, na Francisco Portillo akamaliza kazi katika muda wa nyongeza: 3-1. Oviedo ilikuwa imerejea Ligi Kuu baada ya miaka 24.

Cazorla aliongeza mkataba. Ratiba ya msimu wa 2025/26 ilipotolewa, mchezo wa kwanza wa Oviedo ulikuwa ugenini, dhidi ya Villarreal.