Afya ya kinywa na meno katika Nachingwea na Ruangwa

Afya ya kinywa na meno katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa (Mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania) inahusu magonjwa ya meno, fizi na kinywa yanayowapata wakazi wa wilaya hizo, pamoja na tiba wanazoweza kupata karibu na nyumbani au katika hospitali za rufaa. Matatizo ya kawaida ni yale yale ya sehemu nyingine za Tanzania: kuoza kwa meno, magonjwa ya fizi, majipu ya meno na majeraha. Mengi yanaweza kuzuiwa, na yakiwahiwa hutibiwa bila kupoteza jino. Yakicheleweshwa, mara nyingi tiba inayobaki ni kung'oa.

Mazingira

Katika sensa ya mwaka 2012 Wilaya ya Nachingwea ilikuwa na wakazi 178,464 na Wilaya ya Ruangwa wakazi 131,080. Wengi wao ni wakulima wa korosho, ufuta, muhogo na mahindi, wanaoishi vijijini. Wamwera ni kabila kubwa la eneo hilo, wakiwa pamoja na Wamakua, Wamakonde, Wayao na wengine.

Kilimo cha korosho kinagusa afya ya kinywa kwa njia mbili. Kwanza, ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Anayelipasua kwa meno, hasa mtoto, anaweza kuungua midomo, ulimi na fizi, na pia kuvunja jino. Pili, mapato ya familia nyingi hutegemea mauzo ya korosho yanayoanza mnamo Oktoba, hivyo gharama ya nauli na matibabu huwa nzito zaidi katika miezi ya kabla ya mavuno. Jino lililoanza kuuma mwezi wa Machi halisubiri hadi msimu wa korosho bila kuzidi kuharibika.

Matatizo ya kawaida

Kuoza kwa meno

Mabaki ya vyakula vya sukari na wanga hubaki katika ukoga, yaani utando laini unaojijenga juu ya meno. Bakteria waliomo hugeuza sukari kuwa asidi, nayo huyeyusha enameli, yaani tabaka gumu la nje. Mwanzoni huonekana doa jeupe lisilong'aa au la kahawia, baadaye tundu. Tundu likifika ndani penye mishipa ya fahamu, maumivu huwa makali, hasa usiku.

Watu wengi husema jino "limeingia mdudu". Hakuna mdudu anayeonekana kwa macho anayetoboa jino. Kinachofanya kazi ni asidi ya bakteria. Tofauti hii ina maana katika tiba, kwa sababu kufukiza jino au kuweka ndani yake tumbaku, maji ya betri au mafuta ya ganda la korosho hakuui chanzo cha ugonjwa. Vitu vikali huunguza fizi na vinaweza kuua nyama hai ya jino.

Kinachohesabika si kiasi cha sukari tu, bali pia idadi ya mara inapoliwa. Chai ya sukari, soda, biskuti na pipi zinazoliwa kidogo kidogo kutwa nzima huharibu meno zaidi kuliko kiasi hicho hicho kikiliwa pamoja na mlo.

Magonjwa ya fizi

Ukoga usiposafishwa hukauka na kuwa ugaga, ambao hautoki kwa mswaki. Fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Wengi huacha kusugua sehemu inayotoa damu, jambo linalozidisha ugonjwa. Hatua hiyo ya kwanza hupona kwa usafi mzuri. Ikiachwa, mfupa unaoshika meno huliwa polepole, meno hulegea na hatimaye hung'oka yenyewe. Tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ugoro, na pia kisukari, huongeza hatari hiyo. Wajawazito huvimba fizi kwa urahisi zaidi kutokana na mabadiliko ya homoni.

Majipu ya meno

Jino lililooza hadi mzizini linaweza kutunga usaha. Dalili ni uvimbe wa fizi au shavu, homa, na maumivu wakati wa kuuma. Uvimbe ukishuka chini ya taya, mgonjwa akashindwa kufungua kinywa, kumeza mate au kupumua vizuri, hiyo ni dharura ya kufikishwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu maambukizi ya shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Majeraha

Ajali za bodaboda, kuanguka kutoka kwenye miembe na mikorosho, na michezo ya watoto huvunja meno na taya. Jino la ukubwani lililong'oka zima linaweza kurudishwa. Hushikwa upande wa juu, si kwenye mzizi, hutumbukizwa kwenye maziwa bila kusuguliwa, na mgonjwa kufikishwa kwa mtaalamu kabla ya saa moja kupita kama inawezekana. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuumiza lile linalokua chini yake.

Madoa ya kahawia

Katika mikoa ya Bonde la Ufa kama Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maji yenye floridi nyingi huacha madoa ya kudumu kwenye meno ya watoto wanaokua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Lindi haimo katika ukanda huo. Mtu mwenye madoa anaweza kuwa aliyapata alipokulia mahali pengine, lakini tumbaku, ugaga na mwanzo wa kuoza navyo hubadili rangi ya meno.

Meno ya watoto

Meno ya utotoni ni 20 na huanza kuota karibu na umri wa miezi 6. Meno ya ukubwani ni 32. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6 nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kwanza. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni na kuliacha lioze wakitegemea lingine litaota. Gego hilo halina mbadala.

Tatizo lingine ni imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", ambayo imeripotiwa Tanzania na katika nchi jirani. Mtoto mchanga mwenye homa, kuhara au kutapika hudaiwa kuwa na meno mabaya ndani ya fizi, na mtu asiye na ujuzi wa tiba huyachokoa kwa kifaa chenye ncha kali. Kinachotolewa ni machipukizi ya meno halisi ya utotoni, hasa ya chonge. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi ya damu, na baadaye kuota meno yenye kasoro. Wakati huo ugonjwa wenyewe, kama malaria au nimonia, hubaki bila kutibiwa. Kuhara na homa kwa mtoto mchanga hutibiwa katika zahanati, si kwenye fizi.

Tiba

Kuziba jino. Sehemu iliyooza huondolewa na tundu kujazwa. Jino linaloshtuka kwa maji baridi au kitu kitamu, lakini haliumi lenyewe, kwa kawaida linaweza kuzibwa.

Kuziba bila mashine. Njia ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kujaza kwa saruji ya ayonoma ya kioo, inayotoa floridi, ilianzishwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, akiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haihitaji umeme wala mashine ya kutoboa, na mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi. Kutoka Tanzania ilipelekwa Thailand, Zimbabwe na nchi nyingine, na mwaka 1994 WHO iliitangaza ulimwenguni. Inafaa hasa kwa zahanati na shule za vijijini.

Kutibu mzizi. Nyama ya ndani iliyokufa au kuambukizwa huondolewa, mzizi husafishwa na kujazwa, kisha jino huzibwa. Huokoa jino ambalo vinginevyo lingeng'olewa, lakini huhitaji picha ya eksirei, vifaa maalumu na mara nyingi safari zaidi ya moja.

Kusafisha ugaga. Hufanywa kwa vifaa vya mkono au mashine. Hakulegezi meno, meno yaliyolegea hapo awali huonekana wazi zaidi baada ya ugaga uliokuwa ukiyashikilia kuondolewa.

Kung'oa. Hufanywa kwa ganzi na vifaa vilivyotakaswa. Baada ya hapo mgonjwa huuma pamba au shashi kwa karibu nusu saa, na kwa saa 24 hujiepusha na kusukutua, kutema mate kwa nguvu, pombe na tumbaku, ili damu iliyoganda isitoke. Siku inayofuata huanza kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Damu isiyokoma, au maumivu yanayozidi siku ya pili hadi ya nne, ni sababu ya kurudi kwa mtaalamu.

Meno bandia. Huziba pengo na kusaidia kutafuna. Ya kuvaa na kuvua ni nafuu kuliko yale yanayofungwa moja kwa moja.

Dawa. Parasetamoli hupunguza maumivu kwa muda tu. Antibiotiki kama amoksilini zinazonunuliwa dukani hazizibi tundu wala haziondoi chanzo cha jipu. Maumivu hutulia kisha hurudi. Tetrasaiklini haifai kwa wajawazito na watoto wadogo, kwa kuwa hubadili rangi ya meno yanayokua. Ujauzito haumzuii mama kutibiwa meno, na miezi mitatu ya katikati ndiyo inayofaa zaidi.

Mahali pa kupata huduma

Zahanati hutoa ushauri, dawa za maumivu na rufaa. Huduma za kung'oa na kuziba hutolewa na matabibu wa meno na madaktari wa meno katika hospitali za wilaya na baadhi ya vituo vya afya. Mgonjwa anayehitaji upasuaji wa taya, uchunguzi wa uvimbe au tiba ngumu zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara, au Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kinapaswa kuchunguzwa mapema, kwa kuwa kinaweza kuwa saratani.

Wanachama wa bima ya afya hutegemea mipaka ya mpango wao, hivyo ni vizuri kuuliza kituoni kabla ya tiba kama kuziba au kutibu mzizi vimo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.

Kinga

Meno husuguliwa mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na mara ya pili ni kabla ya kulala. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutumia kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha njegere, naye husimamiwa na mzazi hadi aweze kusugua mwenyewe vizuri. Mwaka 2021 WHO iliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Mswaki wa mti husafisha ukoga vizuri ukitafunwa hadi ulainike na kufikishwa pande zote za meno, lakini hauna floridi ya kutosha kuchukua nafasi ya dawa ya meno. Mkaa na mchanga hung'arisha kwa kukwangua enameli, ambayo haioti tena. Kumwonyesha mtaalamu meno mara moja kwa mwaka, hata kama hakuna linalouma, ndiko kunakowezesha tundu kuonekana likiwa bado dogo la kuzibwa.