Kokwet

Kokwet ni baraza la ujirani la jamii za Wakalenjin nchini Kenya, wakiwamo Wanandi na Wakeiyo. Kijadi lilikuwa la wanaume watu wazima, likiketi kivulini kusuluhisha migogoro ya mipaka, mifugo na familia.

Msemaji wake, *boiyot ab kokwet*, ni mzee anayeheshimiwa kwa busara na ujuzi wa mila, si mtawala. Kwa desturi ya Wanandi, iliyoandikwa na mwanaanthropolojia G. W. B. Huntingford mwaka 1953, yeye hufungua mazungumzo kwa kueleza shauri, kisha kila mzee hupewa nafasi ya kusema. Mwishoni hatoi hukumu yake binafsi. Hutamka mwafaka kama kauli ya wote. Hivyo mamlaka yake hutegemea usikivu na ufasaha, si amri.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi wa kimila kama huu wa kokwet, mradi usikiuke haki za binadamu.